Madhara ya mitishamba inayotumika kutibu bawasiri

Bawasiri ni uvimbe wa mishipa ya damu iliyo ndani ya njia ya haja kubwa au ukingoni mwake. Mara nyingi huletwa na kujikamua chooni kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mitishamba inayouzwa kwa wagonjwa wake ni dawa za kulainisha choo. Nyingine hupakwa, au hutiwa katika maji ya uvuguvugu ambayo mgonjwa huyakalia. Madhara ya dawa ya kunywa na ya kupaka hayafanani.

Sanamaki ni mojawapo ya zinazotumika sana. Kemikali zake hupita tumboni bila kumeng'enywa hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzigeuza zikaanza kuchochea misuli ya utumbo. Choo huja baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana hunywewa usiku. Kiasi kikizidi, tumbo husokota na mgonjwa huharisha, na kuharisha huko huchubua na kuuma palepale palipovimba, kwa hiyo aliyetaka nafuu huamka na maumivu zaidi. Akiendelea kuinywa kwa wiki nyingi, mwili hupoteza maji na madini ya potasiamu, misuli hulegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo au furosemaidi ya kupunguza maji mwilini. Bila ushauri wa daktari, sanamaki haifai kuzidi wiki moja.

Shubiri huchanganya watu kwa sababu jani lake lina vitu viwili. Ute mweupe wa katikati ni mpole, lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha. Anayesaga jani zima nyumbani hunywa vyote pamoja. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa shubiri katika orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti, kwa kukosa ushahidi wa kutosha kuhusu usalama wake. Maganda ya mbegu za isabgoli ni salama kuliko hizo, mradi yanywewe na glasi nzima ya maji. Yakimezwa makavu huvimba na kuweza kukwama kooni au kuziba utumbo.

Dawa za kupaka zina hatari yake. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, kikifungwa juu ya kinyama cha bawasiri usiku kucha, huunguza ngozi: asubuhi pana wekundu, malengelenge, pengine kidonda. Ngozi ya sehemu hiyo ni laini na ina unyevunyevu, kwa hiyo huungua upesi. Mbaya zaidi ni unga au maji makali yanayodaiwa "kukata" kinyama. Kidonda kirefu kikipona huacha kovu, na kovu likizunguka njia yote huibana kiasi kwamba haja hutoka kwa shida, na hapo huenda ukahitajika upasuaji. Krimu zisizo na lebo nazo zimewahi kukutwa na dawa za steroidi zilizofichwa. Hizo hutuliza muwasho haraka, kisha huifanya ngozi iwe nyembamba.

Wapo wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Wajawazito hupata bawasiri mara nyingi, lakini mafuta ya nyonyo yanaweza kuamsha uchungu, na utomvu wa shubiri pia haushauriwi kwao. Anayetumia wafarini au aspirini akila kitunguu saumu kwa wingi kama dawa anaweza kutokwa na damu zaidi, na hilo ni zito kwa mtu ambaye tayari anavuja damu.

Hata mtishamba usiodhuru mwili unaweza kumchelewesha mgonjwa. Damu chooni si dalili ya bawasiri peke yake. Saratani ya utumbo mpana nayo inaweza kuanza hivyohivyo. Mwenye damu inayorudi, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu au mabadiliko ya kudumu ya haja anahitaji kupimwa na daktari kabla ya kuendelea na dawa yoyote, na inafaa aende na pakiti au kichupa cha dawa alichokuwa akitumia ili kilichomo kijulikane.