Je, Wajua? Marumaru za Bizanti

Mwana Bariadi, sogea hapa kwenye benchi. Leo ni zamu ya marumaru na Bizanti, ile dola ya Rumi ya Mashariki iliyodumu hadi mwaka 1453.

Je, wajua kanisa la Hagia Sophia, Istanbul, lilijengwa kwa chini ya miaka 6? Kaisari Justinian alianza mwaka 532, Desemba 537 likafunguliwa! Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa 2012, kanisa hilo lilikuwa na karibu miaka 1,475.

Zitazame kuta zake: marumaru ya kijani ya Ugiriki, ya manjano ya Afrika Kaskazini! Mafundi walipasua jiwe katikati wakalifungua kama kitabu, na michirizi ya kushoto ikalingana na ya kulia.

Unamjua Halfdan? Ni Mviking aliyechonga jina lake kwenye marumaru ya roshani ya kanisa hilo, yapata miaka 1,000 iliyopita. Mchoro wake ungalipo!

Subiri, bado. Karne ya 6 meli ilizama karibu na Marzamemi, Sicily, ikiwa na kanisa la vipande: nguzo 28, vitako, vichwa vya nguzo na mimbari. Vipande vilikuwa vimeshachongwa, vikisubiri kuunganishwa!

Na Afrika Mashariki je? Marumaru ya kisiwa cha Marmara, karibu na Istanbul, imefukuliwa Adulis, bandari ya kale ya ufalme wa Aksum katika Eritrea ya leo. Ilifika huko karne hiyo ya 6 bila Mfereji wa Suez, ambao ungefunguliwa yapata miaka 1,300 baadaye!

Hapohapo Adulis, karibu mwaka 525, mfanyabiashara Kosmas wa Alexandria alikuta kiti cha enzi cha marumaru nyeupe chenye maandishi ya Kigiriki. Mfalme Kaleb wa Aksum akataka yanakiliwe. Kiti hakijapatikana, ila maneno yake tunayo hadi leo!

Wajua marumaru ni mawe ya chokaa yaliyoivishwa ardhini kwa joto na mgandamizo? Na wewe Msukuma usiyaonee wivu: granaiti za Usukumani zina zaidi ya miaka bilioni 2.5!

La mwisho, ukamsimulie jirani: kisiwa cha Marmara kinachimbwa marumaru mpaka leo. Mafundi wa Justinian wangerudi kesho, wangekuta kazi inaendelea!