Namna ya kupata sentensi sanifu kwa kuondoa zenye makosa

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MTAHINIWA anapopewa sentensi tano zinazofanana na kuulizwa ipi ni sanifu, mara nyingi huchagua ile aliyoizoea kuisikia. Kwa mtoto wa Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, mazoea hayo yanaweza kumponza. Nyumbani huenda anazungumza Kinyamwanga au Kinyiha, na sokoni husikia Kiswahili cha wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka wa Zambia, ambacho hakijali sana ngeli.

Hasara huonekana katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, kwani swali la kuchagua halitoi alama kwa jibu lililokaribia usahihi.

Njia iliyo salama ni kuondoa majibu yenye makosa, kanuni moja baada ya nyingine. Tuchukue mfano huu:

A. Magari zote zimekwama wala hazijavuka.
B. Magari yote yamekwama wala hayajavuka.
C. Magari yote zimekwama wala hazijavuka.
D. Magari yote yamekwama wala hazijavuka.
E. Magari yote yamekwama wala yajavuka.

Neno 'magari' ni wingi katika ngeli ya LI-YA. Kwa hiyo 'zote' inaiondoa A, 'zimekwama' inaiondoa C, na 'hazijavuka' inaiondoa D. Zimebaki B na E. Hapo kanuni ya pili, ya ukanushi, inaingia: 'yajavuka' haina kiambishi 'ha-', hivyo E inaanguka. Jibu ni B.

Faida yake ni kwamba hata asiyekumbuka kanuni ya pili hajapoteza kila kitu. Aliyebahatisha tangu mwanzo alikuwa na nafasi moja kati ya tano. Aliyetumia ngeli peke yake amebakiwa na nafasi moja kati ya mbili.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. 'Madereva' huanza na 'ma-' kama 'magari', lakini ni watu. Husemwa 'madereva wamelala', si 'yamelala'. Anayekata majibu kwa kutazama herufi za mwanzo tu anaweza kuliondoa jibu sahihi.

Mzazi anaweza kumsaidia mwanawe kwa swali moja: si "jibu ni lipi?", bali "hili umelikata kwa kosa gani?" Mtoto anayelitaja kosa ameielewa kanuni, na kanuni hiyo itamfaa hata swali litakapobadilika.