Dawa Iliyoisha Muda Ijionyeshe: Excel, Sheets au Calc?

Mwenye duka la dawa anayeweka orodha ya stoo kwenye kompyuta anataka jambo moja kabla ya mengine yote: dawa iliyoisha muda igeuke nyekundu yenyewe, asilazimike kupitia tarehe moja moja kwa macho. Kazi hiyo ya kuipa seli rangi kulingana na kilichoandikwa ndani yake imo katika Excel tangu toleo la 97. Leo hakuna sababu ya kuilipia.

Tazama bei. Office Home 2024, yenye Excel ndani na inayonunuliwa mara moja kwa kompyuta moja, ilitoka Marekani kwa dola 149.99. Microsoft 365 ya mtu mmoja, nayo yenye Excel, ilipandishwa huko mwaka 2025 kutoka dola 69.99 hadi 99.99, na mwaka ukiisha unalipa tena. Google Sheets ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, na zile GB 15 anazopewa zinatosha orodha ya duka na kubaki. LibreOffice Calc ni bure pia. Ukishaipakua haikudai akaunti wala intaneti. Hata Excel ina toleo lisilolipiwa la kutumia kwenye kivinjari. Halafu kuna fundi anayekuwekea Office ya wizi kwa pesa kidogo. Hiyo ikatae. Programu za namna hiyo ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi, na kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye hesabu za mauzo na madeni yako.

Duka moja, kompyuta moja, mtandao wa kubahatisha: chukua Calc. Utasumbuka kidogo mwanzoni, maana inakutaka uchague mtindo wa seli, na rangi inakaa ndani ya mtindo huo. Kama mwenye mali anaishi mbali na muuzaji, Sheets ndiyo yenu, kwa kuwa nyote mnaona orodha ileile, hata kwenye simu. Ila bando litaliwa, na matumizi ya bila mtandao lazima yawashwe mapema. Excel na Calc huweza pia kuweka alama ndogo na michirizi ya vipimo ndani ya seli. Inapendeza, lakini kwa dawa rangi mbili zinatosha.

Kanuni yenyewe ni moja kote. Tarehe zikiwa safu ya D kuanzia mstari wa pili, nyekundu ni =AND($D2<>"",$D2<TODAY()), na njano, ya dawa zilizobakiza siku 90, ni =AND($D2<>"",$D2<=TODAY()+90). Nyekundu ikae juu ya njano, maana ya juu ndiyo inayoshinda. Kile kipande cha $D2<>"" usikiache: seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na bila hicho mistari yote mitupu itawaka nyekundu.

Hatari kubwa iko kwenye uandishi wa tarehe, na hapo hakuna programu itakayokuokoa. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani ikipewa 31/08/2026 haioni tarehe, inaona maneno matupu. Maneno hayawi madogo kuliko tarehe ya leo, kwa hiyo seli hiyo haitageuka nyekundu kamwe, hata dawa ikiwa imeoza. Ukiandika 05/08/2026, itasoma tarehe 8 Mei badala ya 5 Agosti. Angalia upande: kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe halisi hukaa kulia na maneno hukaa kushoto. Ukiona moja imeegemea kushoto, rekebisha kwanza mpangilio wa nchi, kisha uiandike upya. Na pakiti inayosema 08/2026 kwa kawaida inamaanisha hadi mwisho wa Agosti. Andika tarehe 31, kwani ukiandika mwezi na mwaka tu, Excel huweka tarehe mosi.

Wakaguzi au mwenye mali wakitaka karatasi, kumbuka printa nyingi za stesheneri ni za wino mweusi. Nyekundu na njano zitatoka kijivu, na baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri baadhi ya rangi hata kwenye kioo. Ongeza safu moja yenye neno lenyewe: =IF(D2="","",IF(D2<TODAY(),"IMEISHA","")). Nayo ni bure.