ONYO SI TISHIO
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa)

Natumaini darasa la Nangurukuru limekwisha kukaa, na wale wa Kivinje, Masoko na Somanga nao wamekwisha kukusanyika karibu na redio. Mwenye chaki na asimame ubaoni, maana leo tutaandika.

Somo la leo linahusu maneno ya kuonya na maneno ya kutisha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Labda mtauliza, "Kuna haja gani ya kufundishwa hayo? Kila mtu ameonywa na kutishwa tangu utotoni." Ni kweli. Lakini mtu asiyejua kuyatenga mambo haya mawili aweza kupata hasara mbili. Kwanza, aweza kulidharau onyo lililokusudiwa kumwokoa, akidhani anatishwa tu. Pili, aweza kuandika barua akidhani anaonya, kumbe ametisha, na barua hiyo ikamfikisha polisi.

Haya, tuanze. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika sentensi hizi mbili:

Ukipanda mwembe huo, utaanguka.
Ukipanda mwembe huo, utanitambua.

Someni pamoja, polepole. Mmekwisha? Vema.

Sentensi hizi zafanana sana. Zote mbili zaanza na "uki-", na zote mbili zina "uta-" katikati. Zote mbili zamtaka mtu asipande mwembe. Basi tofauti i wapi? Jiulizeni swali moja tu: madhara yatatoka wapi? Katika sentensi ya kwanza, madhara yatatoka katika mwembe wenyewe. Labda tawi limeoza. Msemaji ameliona, nawe hujaliona, naye anakuambia. Hilo ni onyo. Katika sentensi ya pili mwembe ni mzima na matawi yake ni imara. Hatari ni msemaji mwenyewe. Hilo ni tishio.

Neno lenyewe "kuonya" limetokana na "kuona". Kuonya ni kumfanya mwenzako aone. Kutisha ni kumtia hofu, na mwenye hofu mara nyingi haoni kitu.

Sasa tazameni jambo la pili. Onyo hutaja hatari kwa jina lake: utaanguka, utaungua, utaugua, mtumbwi utapinduka. Lakini tishio mara nyingi huificha. Sikilizeni watu wakigombana sokoni: "Utakiona!" Utakiona nini? Hiyo "ki" ni ya kitu gani? Hakitajwi. "Utanijua mimi ni nani!" "Utajuta!" "Jaribu uone!" Maneno yote haya yameacha nafasi tupu, ili wewe unayeambiwa uijaze kwa hofu yako mwenyewe.

Waingereza nao hufanya vivyo hivyo. Wao husema "You'll see", maana yake "utaona", wasiseme utaona nini. Au husema "or else", maana yake "ama sivyo", kisha hunyamaza. Kwa hiyo, ukisikia maneno makali yasiyotaja madhara, katika lugha yo yote, jua kwamba huenda ni tishio.

Kuna maneno yaliyo katikati. "Ole wako" laweza kuwa onyo la bibi kwa mjukuu wake, na laweza kuwa tishio la mtu mwenye hasira. "Shauri yako" ni neno la mtu anayejitoa: amekwisha kusema, sasa kazi ni yako. Hapo sauti na uso wa msemaji ndivyo vitakavyokuambia. Lakini barua haina sauti wala uso. Ndiyo sababu mwandishi apaswa kuchagua maneno yake kwa uangalifu kuliko msemaji.

Sasa, onyo jema lina mambo matatu: hatari ni nini, iko wapi na lini, na ufanye nini ili uokoke. Tutazame mfano wa kwetu. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga kiitwacho Hidaya kinaikaribia pwani yetu. Hatari ilitajwa: upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi. Mahali palitajwa, na mkoa wa Lindi ulikuwamo. Watu wakaambiwa wachukue tahadhari, hasa wale wa baharini. Kimbunga kilifika pwani tarehe 4 Mei, upande wa Mafia. Mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Somanga, magari yakakwama. Mvuvi aliyelisikia tangazo lile na kulifuata alikuwa ameonyeshwa tawi bovu kabla ya kulikanyaga.

Katika matangazo ya hali ya hewa, yafaa mjue pia uzito wa maneno. "Angalizo" ni neno jepesi zaidi: fungua macho. "Tahadhari" ni zito zaidi: jiweke tayari.

Labda mtu atasema, "Lakini mara nyingine wanatuonya na hakuna kitu kinachotokea." Ndiyo, hutokea hivyo. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara walionywa juu ya kimbunga Kenneth, kisha kimbunga kikapiga nchi ya Msumbiji, kaskazini mwake, na huko kikaleta maafa makubwa. Onyo la Mtwara halikuwa uongo. Hatari ilikuwapo kweli. Ilipita upande mwingine. Mtu aliyekuambia tawi limeoza si mwongo kwa sababu tu tawi halikuvunjika siku ile.

Sasa tuje kwenye Kiingereza kilichoandikwa juu ya vibao na vyombo. Mwalimu, andika maneno haya ubaoni kwa herufi kubwa. Nitayasoma jinsi yanavyotamkwa.

DANGER. Hutamkwa "denja". Maana yake ni hatari.
WARNING. Hutamkwa "woning". Maana yake ni onyo.
POISON. Hutamkwa "poizon". Maana yake ni sumu.
KEEP OUT. Hutamkwa "kip aut". Maana yake ni usiingie.
DO NOT. Hutamkwa "du not". Hili ndilo "usi-" letu. Likifuatwa na "touch", yaani "tach", maana yake ni usiguse. Likifuatwa na "drink", yaani "drink", maana yake ni usinywe.

Wakulima wa korosho na ufuta, sikilizeni hapa. Juu ya vyombo vingi vya dawa za shambani mtaliona neno DANGER au neno WARNING. Maneno haya hayana uzito mmoja. Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuandika hatari za kemikali, DANGER ni kubwa kuliko WARNING. Tena vyombo vingi vya dawa za wadudu vina ukanda wa rangi chini ya karatasi yake. Wekundu ni wa sumu kali kabisa. Manjano hufuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata kijani si ruhusa ya kuchezea. Fuvu la kichwa na mifupa miwili maana yake ni kifo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha zote. Chombo kilichokuwa na dawa hiyo kisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata kikioshwa mara kumi.

Kibao chaweza kukuambia pia jambo usiloliona. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo hupita katika bomba kutoka pwani ya Somanga hadi Dar es Salaam, na bomba limefukiwa ardhini. Jembe lako halilioni. Kibao ndicho jicho lako. Anayeking'oa kibao cha hatari ili apate chuma amewapofusha wote watakaopita nyuma yake.

Watu wa Kilwa wanajua kwamba ishara yaweza kusema kwa nguvu kuliko maneno. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, zao ambalo serikali ya Wajerumani ilikuwa ikiwalazimisha kulilima. Hawakuandika barua. Kuing'oa pamba kulikuwa ndiyo kutangaza vita, na ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Lakini ishara ina upungufu mmoja: haielezi kwa utaratibu nini kimeumiza, nini kinatakiwa, na kwa siku gani. Kazi hiyo ni ya maandishi. Ninyi mnaojifunza kuandika mmepata chombo hicho mkononi.

Basi tukitumie. Tuseme mkulima wa ufuta ameamka na kukuta ng'ombe wa jirani wamemaliza sehemu ya shamba lake. Mambo ya namna hii yamekwisha kuleta ugomvi mwingi kati ya wakulima na wafugaji katika wilaya yetu. Ana hasira, na ana haki ya kukasirika. Anachukua kalamu. Hii ni barua ya kwanza:

"Ng'ombe wako wamekula ufuta wangu. Wakirudi tena, wewe na ng'ombe wako mtanitambua. Usije ukasema sikukuonya."

Na hii ni barua ya pili:

"Bwana, salamu. Tarehe 3 Machi ng'ombe wako waliingia katika shamba langu wakala ufuta, matuta ishirini. Mwenyekiti wa kijiji amekwisha kuliona shamba. Tafadhali tukutane mbele yake kabla ya tarehe 17 Machi tuzungumze fidia. Tusipokutana, nitapeleka madai yangu Mahakama ya Mwanzo. Tena, usiwapitishe ng'ombe upande wa mtoni. Tumepulizia dawa ya wadudu huko, wasije wakadhurika."

Mwandishi wa barua ya kwanza anasema ameonya. Hakuonya. Kuliita tishio "onyo" hakuligeuzi. Hakutaja siku, hakutaja hasara, hakutaja njia ya kupatana. Amejitaja yeye mwenyewe tu kuwa ndiye hatari. Na ng'ombe wale wakikutwa wamekufa kesho, hata kama si yeye aliyewaua, barua hiyo itasomwa mbele ya watu.

Mwandishi wa barua ya pili naye amesema "nitapeleka". Je, hilo si tishio? Hapana. Kuna "nita-" ya haki na "nita-" ya mkono. Kwenda mahakamani ni haki ya kila mtu. Ametaja hasara, ametaja shahidi, ametoa muda, na ameacha mlango wazi. Mwishoni ameonya onyo la kweli, la kuwaokoa hata ng'ombe waliomla ufuta wake. Barua hii ni kali kuliko ile ya kwanza, maana yaweza kumpatia fidia. Ile ya kwanza haiwezi kumpatia kitu ila kesi.

Sheria yetu yasema wazi. Kanuni ya Adhabu yafanya kuwa kosa kumtishia mtu kwamba utamdhuru au utamuua, au kwamba utaichoma au kuiharibu mali, kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi. Si lazima uwe umetenda. Kutisha kwenyewe ni kosa. Na maneno ya mdomoni huchukuliwa na upepo, lakini maandishi hubaki, yawe ya kalamu au ya simu.

Na wewe ukipokea tishio la maandishi, fanya hivi. Usilijibu kwa tishio. Usiichane karatasi wala usiufute ujumbe wa simu. Andika siku na saa ulipoupata. Mwonyeshe mtu mzima unayemwamini, kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Sasa zoezi. Mwalimu atayaandika ubaoni. Kila mwanafunzi aandike "O" kwa onyo, "T" kwa tishio, na "H" kwa madai ya haki.

1. Usiogelee hapa, mkondo ni mkali.
2. Thubutu kuogelea hapa, utakiona.
3. Msipochemsha maji, watoto wataharisha.
4. DANGER. DO NOT TOUCH.
5. Usipolipa mwisho wa mwezi, nitakushtaki mahakamani.
6. Usipolipa mwisho wa mwezi, nyumba yako haitakuwa salama.

Ishughulikieni sana sentensi ya sita. Imevaa nguo za onyo. Haisemi "nita-", wala haimtaji mtu. Ulizeni swali letu la kwanza: nyumba hiyo haitakuwa salama kwa sababu ya nani? Mkipata jibu, mtajua herufi ya kuandika.

Baada ya zoezi, kila mmoja aandike barua fupi ya kudai deni lake. Iwe na siku, kiasi, muda na njia ya kupatana. Kisha mpe jirani yako aisome kwa sauti. Akiogopa, iandike upya. Akielewa, ipeleke.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, na kazi njema.