Ajali Tuliyoiona Njia ya Soni

Mwezi huu twataka kuwasimulia jambo tuliloliona kwa macho yetu wenyewe, wala si habari ya kusikia. Tumekawia kuiandika, maana ndani yake mna aibu yetu sisi pia. Lakini aibu ikifichwa haimfai mtu, na ikisemwa yaweza kumponya mwingine. Basi sikilizeni.

Mtu ashukaye kutoka Lushoto kwenda Mombo, katika milima ya Usambara, hupita njia ya zaidi ya kilometa 30. Njia hii ni ya zamani. Reli itokayo Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Wadachi waliotawala nchi wakati ule walikuwa wameweka boma lao Lushoto, wakauita mji ule Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Ndipo njia ya kupandia ikachimbwa ubavuni mwa mlima. Siku hizi ina lami, lakini mlima ni ule ule. Ukifika Soni waona maporomoko ya maji karibu na njia, na baada ya hapo njia yajipinda kama nyoka: mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde. Malori ya kabichi, karoti na viazi hupita hapo mchana na usiku. Dereva mwenye akili hupiga honi kabla ya kufika penye kona, naye hushuka kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake; kwa kuwa breki zikikanyagwa mfululizo katika mtelemko hupata moto, na zikiisha kupata moto hulegea.

Siku ya Jumamosi moja tulikuwa Lushoto katika harusi. Ilikuwa harusi njema, watu wengi, chakula tele. Sisi tuliotoka upande wa Mombo tulikuja kwa gari dogo la kukodi, watu kumi na mmoja, tukibanana. Miongoni mwetu alikuwamo bibi mmoja mzee, mwenye maumivu ya magoti, ambaye kila alipoketi alitafuta namna ya kunyosha miguu asiipate.

Kulikuwako pia bwana mmoja, jamaa wa bwana harusi, mtu wa heshima mwenye kazi nzuri mjini. Alikuja na motokaa yake mpya. Tangu adhuhuri tulimwona akinywa. Alianza kwa bia, na baadaye wazee walipoleta pombe ya miwa hakuikataa. Hakugombana na mtu, wala hakuanguka. Alikuwa mchangamfu, akiimba na kutunza wacheza ngoma. Saa kumi na moja jioni, watu walipokuwa wakiagana, alitoa funguo zake mfukoni, zikamwanguka. Akaziokota, zikamwanguka tena. Akacheka, na watu wote wakacheka pamoja naye. Sisi pia tulicheka.

Akamwona yule bibi akisaidiwa kupanda katika gari letu, akaja kwa adabu akasema, "Mama, huko utabanwa na magoti yako hayo. Njoo kwangu, nafasi ipo."

Bibi akatugeukia sisi. "Niende, wanangu?"

Wasomaji wetu, wakati ule tulikuwa karibu na yule bwana kiasi cha kusikia harufu ya pombe kinywani mwake. Tukatazamana. Kila mmoja wetu alijua, na kila mmoja alingoja mwenziwe aseme. Nani atamwaibisha mtu mzima mbele ya jamaa zake, siku ya furaha? Tukasema, "Nenda, Bibi, ukapumzike." Tukamketisha kiti cha nyuma, tukamwekea kapu lake la karoti miguuni, tukaufunga mlango kwa mikono yetu. Ukanda wa kiti hatukumfunga. Mbele aliketi kijana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa dada yake yule bwana.

Tulitangulia kuondoka. Manyunyu yalikuwa yamepita, na lami iling'aa. Tulipokwisha kupita Soni tukasikia honi nyuma, na ile motokaa ikatupita penye kona, bwana akitupungia mkono dirishani. Dereva wetu alitikisa kichwa asiseme neno. Katika njia ile, aliye juu humwona aliye chini. Basi tuliziona taa zake nyekundu zikizunguka kona ya kwanza, na ya pili, na kila mara zilikwenda zaidi upande usio wake.

Katika kona iliyofuata lilikuwa likipanda lori la mboga, polepole, katika upande wake wa haki. Yule bwana alikata kona kwa upana. Alipoliona lori alikuwa amekwisha kuchelewa. Tulisikia kishindo kimoja, kisha kimya, kisha honi iliyokwama ikalia bila kukoma. Motokaa iligonga pembe ya lori, ikatoka njiani, ikapinduka mara mbili, ikazuiwa na mti. Lau usingalikuwapo mti ule, wote wangalifika bondeni.

Tulishuka mbio. Utingo wa lori akatia mawe chini ya magurudumu, na vijana wakakata matawi wakayalaza njiani, juu na chini ya kona, ili wanaokuja wajue kuna hatari. Mmoja akazima injini. Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja muuguzi, naye ndiye aliyetuzuia tulipotaka kumvuta bibi kwa mikono. Alituambia, "Msimkunje. Shikeni kichwa na shingo visitikisike." Tukamtoa juu ya ubao wa lori kama juu ya machela. Palipotoka damu tulikandamiza kwa kanga safi, tusiziachilie. Kijana alikuwa amevunjika mkono, akilia. Bibi alifungua macho, akauliza kama mtoto yu hai. Tukamwambia, "Yu hai, Bibi." Hakuuliza neno jingine. Alikufa kabla hatujafika hospitali.

Bwana yule alipona, mbavu zikiwa zimevunjika. Njia nzima alikuwa akisema, "Mimi sikulewa. Wallahi nilikuwa mzima." Watu walimkasirikia, wakamwita mwongo. Sisi tumelifikiri sana neno lile, nasi twaona kwamba hakusema uongo. Aliamini hivyo. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na yafaa tuieleze vizuri.

Pombe haisagwi tumboni kama ugali. Hupenya katika damu kutoka tumboni na utumboni, na kwa muda wa dakika chache hufika katika ubongo. Huko huanza na ile sehemu ya akili impayo mtu busara ya kupima mambo, ndipo baadaye hulegeza ulimi na miguu. Kwa hiyo mnywaji hupotewa na kipimo chake kwanza, akabaki bila kitu cha kujipimia. Hujiona hodari kuliko jana. Macho yake huchelewa kuzoea giza baada ya kumulikwa na taa, na mkono wake huchelewa kufuata jicho. Mtu asiyeyumba aweza kuwa hafai kabisa kushika usukani.

Na ini ndilo lisafishalo damu, nalo hufanya kazi kwa mwendo wake lenyewe. Chupa moja ya bia yahitaji zaidi ya saa moja. Anayekunywa chupa sita mpaka usiku wa manane aweza kuamka alfajiri akiwa bado na pombe damuni. Kahawa kali, maji ya baridi, ndimu, supu ya pilipili, havipunguzi kitu. Humwamsha mlevi, akawa mlevi aliye macho. Dawa ni saa tu.

Sasa tieni jambo hili katika hesabu, na waalimu wawape watoto shuleni. Motokaa iendayo kilometa 60 kwa saa hukata karibu meta 17 kwa sekunde moja. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, amekwisha kwenda meta 8 zaidi, na kona nyingi za milimani hazina meta 8 za kupoteza. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayoisukuma motokaa nje ya kona haizidi mara mbili, bali mara nne. Ndiyo sababu kona iliyokuvumilia ukienda 30 hukutupa ukienda 60, hasa lami ikiwa na maji.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1897, huko London, dereva wa teksi aliigonga nyumba akiwa amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Watu husema ndiye wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hilo. Mwaka 1954, Mmarekani Robert Borkenstein aliunda chombo cha kupimia pombe katika pumzi ya mtu, na vyombo vya namna hiyo ndivyo watumiavyo polisi hata huku kwetu. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza kuendesha mwenye pombe kupita miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila ua wa harusi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kiwauacho kuliko hicho.

Basi tufanye nini katika nyumba zetu?

Kwanza, mwenye karamu afikiri habari ya kurudi kwa wageni kama afikirivyo habari ya wali. Kabla ya chungu cha kwanza kufunguliwa, ijulikane nani ataendesha, naye asinywe hata kidogo. Asiyeweza kuahidi hivyo alale hapo hapo. Mkeka wapatikana, na asubuhi si mbali.

Pili, tujifunze namna ya kumwambia mkubwa. Hatusemi vijana wawatukane wazee mbele ya watu. Mtu huitwa kando. Atafutwe wa rika lake, au shemeji anayemheshimu, amwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nipe funguo nikuwekee, kesho utazikuta." Akikasirika, na akasirike. Hasira ya usiku mmoja huisha.

Tatu, mke, mtoto na mzee wawe na ruhusa ya kukataa kupanda, wala wasiitwe wakosefu wa adabu. Baba mwema awaambie watoto wake mapema, "Hata mimi mkiniona nimekunywa, msipande."

Nne, ukanda wa kiti ufungwe, hata nyuma. Wengi hudhani kiti cha nyuma ni salama. Bibi yetu aliketi nyuma.

Twajua wako watakaosema, "Bwana fulani hunywa kila Jumamosi na hufika salama." Sisi twajibu: kila Jumamosi iliyopita alikuta kona haina mtu. Siku ile ilikuwa na lori.

Siku ya maziko tulikwenda. Baada ya watu kutawanyika, binti wa marehemu alituita, akauliza, "Nani alimpandisha mama katika motokaa ile?" Hatukuweza kumficha. Tulimwambia kwamba ni sisi, na ya kuwa harufu tuliisikia, na ya kuwa mama yake alituuliza kwanza, nasi tukamwambia aende. Alikaa kimya muda mrefu akitazama chini. Hakutulaani, wala hakutuambia kwamba ametusamehe. Alisema tu, "Basi waambieni na wengine."

Ndiyo sababu ya maneno haya. Msomaji, siku moja mtu atakugeukia akuulize, "Niende?" Usingoje mwenzio aseme.