Majungu Kazini: Dai Liwekwe Kwenye Maandishi

Neno linaanza kuzunguka kwamba mtunza stoo anatoa mzigo usiku. Hakuna aliyemwona, hakuna tarehe, hakuna hesabu ya mifuko iliyopungua. Msimamizi ambaye tangu zamani hapatani naye anaanza kumpangia zamu mbaya, kumfokea mbele ya wateja na kumnyima ruhusa. Mwisho, mtunza stoo anaandika barua ya kuacha kazi kwa uchungu. Barua hiyo ya haraka ndiyo inayowaumiza wafanyakazi wengi kuliko majungu yenyewe.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaufafanua utaratibu huo. Uchunguzi ufanyike kwanza. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na asaidiwe na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao cha kusikiliza tuhuma kiongozwe na kiongozi asiyehusika na mgogoro, na mtuhumiwa aruhusiwe kuwahoji mashahidi. Maneno ya “watu wanasema” hayawezi kuhimili maswali ya kikao kama hicho.

Kwa hiyo usigombane na mtu kantini, wala usijibu majungu kwa majungu. Hapo utampa msimamizi kosa la kweli la kukushtakia. Andika barua fupi yenye adabu kwa msimamizi, na nakala kwa afisa rasilimali watu: umesikia unahusishwa na upotevu wa mali, kama lipo dai, unaomba ujulishwe kwa maandishi ili ujibu. Usimtaje uliyemsikia. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni vivyo hivyo. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Daftari likae nyumbani, na ujumbe wa simu usifutwe. Daftari hilo litakusaidia pia kujipima kwa uaminifu, maana si kila bosi mkali ni adui. Mkali hukosoa kazi na kueleza kilichokosewa. Mwenye chuki humshambulia mtu, na kanuni anayokubana nayo haiwagusi wenzako.

Kama hali haibadiliki, peleka malalamiko rasmi kwa aliye juu ya msimamizi, ukishirikiana na viongozi wa tawi la chama chako. Sheria inatambua kwamba aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini kanuni zinauliza kama alitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa alikuwa na sababu ya msingi ya kutozitumia. Asiye na barua hata moja atalijibu swali hilo kwa shida.

Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako usuluhishi hutangulia uamuzi. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki, na watumishi wa umma huanza na ngazi za rufaa za utumishi wao.

Waajiri nao wana wajibu mzito. Kila mnong’ono unaofika mezani kwa meneja uulizwe: nani aliona, lini, na kielelezo kiko wapi? Pasipo majibu, asiguswe mtu. Pakiwa na majibu, uchunguzi uanze, na mtuhumiwa awe wa kwanza kuambiwa anachotuhumiwa.