Unataka Kusoma Kompyuta Campo? Soma Hii Kabla Ujaze Kozi

Matokeo ya KCSE unayo, mzazi anakuuliza kila asubuhi utajaza nini KUCCPS, na wewe ushaamua: kompyuta. Kwa nini? Juu mtaani kila mtu anasema huko ndiko kuna doh.

Sawa, si vibaya. Lakini miaka minne ni mingi na karo si ya kuchezea. Heri ujue sasa utafunzwa nini, kuliko ushtuke ukiwa mwaka wa pili na mathe ashauza ng'ombe.

Mambo mawili, si moja

Kwenye digrii nyingi za Computer Science, IT ama Software Engineering kuna vitu viwili vinavyotembea pamoja.

Cha kwanza ni utengenezaji wa programu. Hapa utaandika programu kwa lugha kama Java ama Python, utajifunza kupanga data, kuunda hifadhidata, kupima kazi yako na kuijenga mkiwa kikundi. Hesabu iko, usidanganywe.

Cha pili ni HCI, yaani mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Vyuo vingi huiweka kama yuniti moja tu, na macomrade wengi huidharau ati ni ya kuchagua rangi na kuchora vitufe. Hapo ndipo wanachoma.

Iko hivi: utengenezaji unauliza, hii kitu inafanya kazi? HCI inauliza, shosho wako akiishika, itamfanyia yeye kazi?

M-Pesa ilianzaje?

Unadhani M-Pesa ilianza kama njia ya kutumiana pesa? Hapana. Majaribio yalipoanza 2005, lengo lilikuwa wateja wa Faulu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia wanavyotaka. Wengine walitumiana pesa, wengine waliweka pesa upande mmoja wa safari na kuitoa wakifika, ndio wasitembee na cash mfukoni.

Waliokuwa wakiiunda waliona hayo yote, na hawakuwaambia watu wanakosea. Walibadilisha mpango. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Hiyo ndiyo HCI, msee: kuangalia mtu anafanya nini kwa ukweli, si kile ulichodhani ukiwa umeketi ofisini.

Hata lile jina la mtu unaloliona kabla hujakubali kutuma ni somo la HCI. Binadamu hukosea namba. Badala ya kumlaumu, unampa nafasi ya kushtuka mapema.

Zote mbili zinahitajiana

Chukulia umetengenezea chama cha mathe app. Mweka hazina anabonyeza "Lipa", network inasumbua, hakuna kinachoonekana. Anabonyeza tena. Pesa inakatwa mara mbili, na kesho kuna vita kwa mkutano.

Kosa ni la nani? La kwanza, programu ilifaa kutambua hayo ni malipo yale yale na kukataa ya pili. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji. La pili, skrini ilifaa kuandika "Subiri, tunatuma" na kuzima kitufe. Hiyo ni HCI. Ukijua moja tu, chama bado kitavunjika.

Darasani huwa mnafanya nini?

Kwenye HCI unaenda kwa watu, unawatazama wakifanya kazi zao, unachora wazo kwenye karatasi, kisha unampa mtu ajaribu huku wewe umefunga mdomo. Ukimsaidia, umeharibu jaribio. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha makosa mengi. Unarekebisha, unarudia.

Na usidhani hii ni story ya wazungu pekee. AfriCHI, kongamano la Afrika la taaluma hii, lilifanyika mara ya kwanza hapa Nairobi 2016.

Kabla ujaze

Digrii inataka angalau C+, na kila kozi ina masomo yake ya cluster, so angalia kwenye portal ya KUCCPS usiskize tu mabeshte. Ukikosa hiyo gredi, diploma ni njia pia.

Kisha tafuta orodha ya yuniti za chuo unachotaka. HCI iko mwaka gani? Kuna mradi mnaojenga wenyewe ama ni mitihani tu? Uliza wanaosoma huko.

Na leo jioni, jipime. Mpe mtu wa nyumbani simu, mwambie afanye kitu kimoja kwa app asiyoijua, kisha nyamaza umtazame. Ukijipata unamcheka, bado uko mbali. Ukijipata unawaza ungebadilisha nini kwa hiyo skrini, jaza hiyo kozi, mazee.